Bodi ya krosova ya njia mbili: soma omu, wati achana nazo

Haya, karibuni. Leo mezani kuna bodi ya krosova ya njia mbili, ile inayogawa sauti: besi iende kwa wufa (spika kubwa), sauti kali iende kwa twita (kispika kidogo). Ni hizi zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue hazina hata jina la kampuni, zimeandikwa tu wati 400. Hizo wati achana nazo. Tazama waya wa koili ulivyo mwembamba. Upitishe wati 400 hapa, utanusa harufu kabla wimbo haujaisha. La kusoma ni hili maandishi madogo pembeni: omu 8, yaani ukinzani wa spika inayofaa hapa, na hezi 3,000, yaani masafa ambapo wufa inaiachia twita.

Amplifaya inaleta kila kitu kwenye waya mmoja, besi, mwimbaji na matoazi. Koili inapitisha besi na kuibana sauti kali, kapasita inafanya kinyume. Kwenye spika za bei ya chini utakuta kapasita moja tu nyuma ya twita. Huo mchujo ni mlegevu: masafa yakishuka nusu, sauti inapungua desibeli 6 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na twita inaendelea kupigwa na besi isiyoihusu. Bodi hii ina koili na kapasita kila upande, kwa hiyo inapunguza desibeli 12. Koili ni milihenri 0.6, kapasita maikrofaradi 4.7. Piga hesabu: ndizo namba zenyewe za omu 8 kwenye hezi 3,000. Hapo hawakubahatisha.

Sasa shida. Baadhi ya spika za sebuleni ni omu 4. Ukizifunga hapa, pale kwenye hezi 3,000 kila upande unashuka desibeli 9 badala ya 3. Unasikia besi, unasikia matoazi, lakini maneno ya mwimbaji kama yako chumba cha pili. Watu wanalaumu twita bure! Kabla ya kununua, fungua waya wa spika uipime kwa mita: omu 8 husoma kama 6 au 7, omu 4 husoma 3 na kitu. Twita ipime kwenye miguu yake yenyewe, maana ukipitia kapasita mita haitasoma kitu, utadhani imekufa. Ikiwa ni omu 4, kapasita ziwe mara mbili, yaani 4.7 mbili sambamba, na koili ziwe za 0.3.

Angalia na hizi koili mbili, zimelazwa bega kwa bega. Usumaku wa moja unaingia kwenye nyingine, na besi inapenya upande wa twita. Ng'oa moja, isimamishe wima mbali kidogo, lehemu upya, kisha ishike kwa silikoni, kwa sababu mtikisiko wa boksi hukata lehemu.

Kapasita hizi ni za elektroliti zisizo na chanya na hasi. Za upande wa wufa ziache. Ya twita badilisha, weka ya plastiki ya volti 100. Usikubali fundi akuwekee ile ya kawaida yenye mstari wa hasi, iliyong'olewa kwenye pawasaplai ya televisheni: umeme wa sauti unageuka kila mara, itapata moto, itavimba.

Halafu kwenye mchujo wa desibeli 12, twita na wufa zinapopokezana zinapishana nusu mzunguko, moja ikisukuma nyingine inavuta, zinafutana. Geuza waya za twita, chanya kwa hasi. Weka wimbo wenye sauti ya mtu, kaa mita tatu, sikiliza, rudisha, sikiliza tena. Bakiza ule mkao ambao sauti imejaa.

Twita ikiwa bado inachoma masikio, na ni ya omu 8, weka rezista ya omu 2.2 kwenye waya wake, na ya omu 22 kati ya miguu yake miwili. Inashuka karibu desibeli 3. Chukua zile nyeupe za saruji, wati 10, na zisiguse mbao.

Kwa spika za omu 8, nunua. Kwa omu 4, gharama ya vipuri itapita ya bodi.