Cormorant Garamond ya italiki: majina ndiyo, namba za simu hapana

Nachapisha kadi za mwaliko hapa Nyawera, Bukavu: dote (mahari), harusi, ubatizo, hata matanga. Miaka yote mabwana harusi walinidai zile herufi za kujisokota ambazo bibi zao wanashindwa kuzisoma. Tangu mwaka jana nawaonyesha fonti iitwayo Cormorant Garamond, ile ya italiki, yaani herufi za kulala, na wengi wanaikubali bila kubishana.

Ni ya bure, hata kwa kazi ya biashara. Christian Thalmann wa Uswisi aliitoa mwaka 2015, akifuata herufi za Claude Garamont, fundi wa Paris wa karne ya 16. Kuipakua kwenye tovuti ya Google Fonts kulinila mega chache tu.

Uzuri wake uko kwenye majina. Andika "Furaha & Murhula" kwa pointi 40 uone. Mstari mnene unateremka, unakonda hadi kuwa uzi, kisha unaishia kwenye kijiguu kilichochongoka kama sindano. Ile & asili yake ni "et" ya Kilatini, ile ile "et" tuliyoikariri shuleni kwa Kifaransa, kwa hiyo hapa kwetu inakaa kama mwenyeji.

Sasa makosa yangu. Mara ya kwanza niliweka kwenye kompyuta fonti ya wima peke yake, nikabonyeza kitufe cha italiki. Word ikazilaza zile za wima kwa nguvu, kama mlevi aliyeegemea ukuta. Kadi sitini zilishatoka nilipostuka. Ukitaka kujua kama umedanganywa, angalia herufi a: kwenye italiki ya kweli ina tumbo moja tu, haina ile kofia juu. Faili la italiki ni la peke yake, liweke nalo.

La pili lilinigharimu zaidi. Nilipenda ile nyembamba kabisa, Light, nikaijaza kadi nzima, mpaka anwani na simu kwa pointi 9. Kwenye skrini ilikuwa tamu. Mashine yangu ya kuchapia si mpya, na ile karatasi ya krimu yenye mikwaruzo haishiki wino vizuri, basi nyuzi zote zikapotea. Mama wa bibi harusi akasogeza kadi mpaka puani:

"Mutoto wangu, hii ni sita ao ni nane?"

Hata mimi sikujua. Nilirudia kadi zote kwa pesa yangu.

Thalmann aliichora hii kwa maandishi makubwa, na inaonekana: matundu ndani ya a na e ni madogo mno. Siku hizi majina nayaweka kwa Medium (unene wa kati) ya italiki, sishuki chini ya pointi 28. Anwani, saa na simu nazipa EB Garamond ya wima, pointi 12. Ni ndugu wa ukoo mmoja, hazigombani kwenye kadi. Light nimeiacha kwa wale wanaotaka mwaliko wa WhatsApp tu.