Gran turismo ipi ununue? Orodha iliyopangwa kwa saa ya sita barabarani

Ferrari Amalfi ilipozinduliwa Julai 2025, wapenzi wa magari hawakuanza na nguvu zake 640 za farasi. Walianza na vitufe. Usukani wa Roma, gari ambalo Amalfi imelirithi, ulijaa sehemu za kugusa zilizowakera wenye magari kwa miaka: unatafuta kuongeza sauti ya redio, kidole kinateleza, kinawaka kitu kingine kabisa. Sasa Ferrari imerudisha vitufe vya kubonyeza, na kile cha kuwashia injini kimerudi pale pale usukanini, cha alumini. Watu wanaoweza kutoa euro 240,000, bei yake ya kuanzia kwa Italia, wamefurahia kitufe. Nami nawaelewa kabisa.

Gran turismo ni gari la milango miwili la kwenda mbali, haraka, na kufika ukiwa bado mtu. Injini mbele, viti viwili vya heshima, viwili vya nyuma vya watoto au vya kutupia koti, buti ya kubeba mabegi ya siku nne. Karibu kila gari lililomo hapa linafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 4, na tofauti ya 3.3 na 3.6 utaisikia kwenye mabishano ya barazani tu. Kwa hiyo sikupanga kwa sekunde. Nimepanga kwa saa ya sita ya safari: mgongo uko wapi, masikio yamechoka kiasi gani, umesimama kujaza mafuta mara ngapi, na je, unaweza kubadilisha hewa ya ndani bila kuondoa macho barabarani? Anayetoka Milano kwenda Munich, London kwenda Nice, au Muscat kwenda Dubai na kurudi ananielewa.

1. Bentley Continental GT, lakini si Speed

Kizazi cha nne kilitoka Juni 2024 kikianza na toleo la kasi liitwalo Speed, na kelele zikaanza siku hiyo hiyo. Ya kwanza ilikuwa ya silinda. Injini ya W12, yaani ya silinda 12, iliyolijenga jina la Continental GT tangu 2003, ilistaafishwa mwaka huo baada ya kiwanda cha Bentley kilichopo Crewe, Uingereza, kuunda zaidi ya 100,000. Mahali pake imekaa V8 ya lita 4.0 yenye turbo mbili na mota ya umeme, jumla farasi 782. Wajuzi wakakumbusha kwamba namba hiyo ni ile ile ya Porsche Panamera Turbo S E-Hybrid, ndugu yake wa ukoo wa Volkswagen. Kelele ya pili ni uzito: kilo 2,459. Ya tatu ni sura, maana kila upande wa mbele una taa moja badala ya mbili, jambo ambalo Bentley haikulifanya tangu miaka ya 1950.

Kilio cha W12 mimi sikililii. Haikuwa injini ya muziki. Ilikuwa injini ya kusukuma bila kujitangaza, na kazi hiyo umeme unaifanya vizuri zaidi. Ukichaji nyumbani usiku, gari linaenda hadi kilomita 81 kwa umeme peke yake. Unaondoka alfajiri bila kumwamsha jirani, kisha V8 inaamka ukishaingia barabara kuu. Betri ya kWh 25.9 imewekwa nyuma, na uzito umegawanyika asilimia 49 mbele na 51 nyuma. Wale waliozoea pua nzito ya W12 wanakiri kwamba hili jipya linakata kona kwa utii zaidi, kilo zote zile pamoja nazo. Kwa betri na tangi likijaa, Bentley inataja kilomita 859. Hiyo ni namba ya maabara, ipunguze mwenyewe kulingana na mguu wako, bado inabaki safari ya maana.

Ninachokililia ni buti. Kizazi kilichopita kilikuwa na lita 358. Hiki kina 260, na sababu ni hiyo hiyo betri. Kwa gari la safari, kupoteza begi zima ni kosa kubwa kuliko kupoteza silinda nne. Ushauri wangu ni kwenda dukani na mabegi yako halisi, uyapange butini mbele ya muuzaji. Akicheka, acheke.

Halafu usinunue Speed. Nunua Azure. Ina V8 na umeme vile vile, ila farasi 680 na mwendo wa mwisho kilomita 270 kwa saa badala ya 335. Utaendesha wapi 335? Hata Ujerumani, kwenye Autobahn isiyo na kikomo, malori na matengenezo ya barabara hayakuachii nafasi hiyo. Fedha za Azure zimeelekezwa kwenye viti vinavyojirekebisha na kukanda mgongo, na kwenye ukimya. Springi za hewa na vyuma vya kuzuia kuyumba vinavyotumia umeme ni vile vile. Speed ni ya mtu anayetaka kusema ana Speed.

Bentley imetangaza pia Supersports mwishoni mwa 2025: farasi 666, haina umeme, magurudumu ya nyuma tu ndiyo yanasukuma, viti viwili, uzito chini ya tani 2, magari 500 basi. Waliokuwa wakilia uzito walinyamaza ghafla. Ni gari la kuchezea, halimo katika mashindano haya.

2. Aston Martin DB12

Lilipotoka Mei 2023, Aston Martin waliliita jina la kujikweza, kwamba si gran turismo tena bali ni aina mpya ya juu zaidi. Puuza. Ni gran turismo, na ni zuri sana.

Mabishano yake ni mawili. Injini ni V8 ya lita 4.0 kutoka Mercedes-AMG, farasi 680, na V12 haipo tena kwenye magari ya DB. Wapo wasiomeza hilo. Mimi naona fundi wa AMG anapatikana miji mingi kuliko fundi wa V12 ya Aston, ingawa usijidanganye: kompyuta na spea za mwili bado ni za Aston, na bei pia. La pili ni la ndani. DB11 ya 2016 ilikuwa na skrini ya Mercedes ya kizamani, aibu kwa gari la bei ile, na kila mtu aliisema. DB12 imekuja na mfumo wa Aston wenyewe, skrini ya kugusa ya inchi 10.25, huku wakiacha vitufe vya kweli vya gia, hewa, ugumu wa springi na sauti ya ekzosi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kitu unachokigusa mara ishirini kwa siku kiwe na umbo ambalo kidole kinalijua gizani.

Jambo dogo linalonifanya nilipandishe: tairi zake za Michelin zina sponji ndani ya kuzima mvumo wa lami. Ukienda kilomita 130 kwa saa kwa muda wa saa tano, mvumo wa tairi ndio unaochosha kuliko upepo. Ila ukiweka tairi nyingine za bei nafuu, sponji hiyo huna, na utashangaa gari limezeeka ghafla.

Viti vya nyuma ni pambo. Buti lita 262. Na thamani ya Aston hushuka haraka miaka ya mwanzo, kwa hiyo DB12 ya miaka miwili yenye rekodi kamili za matengenezo ni busara kuliko mpya iliyoanza na pauni 185,000 huko Uingereza kabla ya kuongeza mbwembwe. DB12 S ya farasi 700 imeshatoka, usiisubiri.

3. Ferrari Amalfi

Nilishasema vitufe. Kilichobaki: V8 ya turbo mbili inayofika mizunguko kwa hamu kuliko ya Aston, uzito mkavu wa kilo 1,470, yaani karibu tani nzima chini ya Bentley, ingawa Ferrari hupima bila vimiminika na kwa vifaa vyepesi vya hiari, kwa hiyo usilinganishe namba hizo kwa rula moja. Sura yake imegawa watu. Roma ya 2019 ilikuwa na pua inayokumbukwa, hii imefunikwa na mstari mweusi unaozunguka taa, mtindo ambao Ferrari imeueneza kwenye 12Cilindri pia. Mimi Roma ilinipendeza zaidi.

Kwa nini basi nafasi ya tatu? Kwa sababu Amalfi haikuachi upumzike. Usukani una haraka, breki ni za umeme na kali, gari linakuuliza kila dakika kama uko tayari. Saa mbili za kwanza ni raha tupu. Saa ya sita unataka gari linyamaze kidogo. Upande wake mzuri ni matengenezo ya kawaida ya miaka 7 ambayo Ferrari huyaingiza kwenye bei ya gari jipya, na yanamfuata mnunuzi wa pili. Kwa anayetafuta Roma iliyotumika, hilo ni swali la kwanza kuuliza: imebaki miaka mingapi, na je, muhuri wa kila mwaka upo?

4. Maserati GranTurismo Trofeo, iliyotumika

Nasisitiza iliyotumika. Bei yake hushuka vibaya, na hasara ya mwenye gari wa kwanza ndiyo faida yako. Wapenzi wa GranTurismo ya zamani, ile ya 2007 hadi 2019 yenye V8 isiyo na turbo, hawajasamehe V6 ya lita 3.0 iitwayo Nettuno. Kwa sauti, wana haki. Kwa mengine yote hawana: farasi 550, magurudumu yote manne yanasukuma, buti lita 310, na viti vya nyuma ambavyo mtu mzima anakaa kweli, si kwa kuomba radhi. Mwenye watoto wawili warefu na asiyetaka gari la milango minne, hili ndilo lake. Liko la umeme, Folgore, zuri kwa mjini. Kwa safari ndefu utapanga siku yako kufuata vituo vya kuchaji.

5. Mercedes-AMG GT 63

Kizazi cha 2023 kimekuwa na viti vya nyuma vidogo na buti ya lita 321, na kimeongezeka uzito hadi karibu kilo 1,970. Waliopenda lile la kwanza lenye kisanduku cha gia nyuma wanaliona limekuwa kama SL, Mercedes ya paa la kufunguka, ila lenye paa gumu. Ndivyo lilivyo. Kwa kazi yetu si tusi, lakini springi zake ni ngumu na skrini imemeza vitufe vingi mno.

Porsche 911 Turbo S mpya, farasi 711 na sekunde 2.5, ni kali kuliko zote hapa na ina sifa ya kutokuharibika ovyo, ila lina kelele za tairi na buti ya mbele iliyo ndogo. Ferrari 12Cilindri na Aston Martin Vanquish ni za mtu mwenye magari mengine sita; V12 zote mbili, viti viwili, na bei ambayo haihitaji mwongozo wa mtu kama mimi.

Ukiwa Nairobi, Kampala au Dar

Wengi hutazama Dubai kwa sababu magari haya yamejaa pale na yana kilomita chache. Ya Dubai yana usukani wa kushoto. Kenya haisajili gari la kawaida la namna hiyo, na hata penye mwanya, jaribu kulipita lori Morogoro Road ukiwa umekaa upande wa mtaroni. Soko la Dubai linamfaa ndugu aliye Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, ambako wanaendesha kulia, na bila shaka aliye Muscat. Wewe tafuta Uingereza au Japani.

Na ukitafuta Japani, nitakuvunja moyo kwa upole: acha yote niliyoyaandika hapo juu, chukua Lexus LC 500. V8 ya lita 5.0 isiyo na turbo, gia 10, muungurumo ambao hakuna gari jipya katika orodha yangu linaoukaribia isipokuwa hizo V12. Ni mali ya Toyota, na fundi aliyezoea V8 za Toyota hatalitazama kama chombo cha angani. Udhaifu wake ni buti ya lita 197 tu na skrini inayoongozwa kwa kibao cha kugusa kinachochosha, kasoro ambayo matoleo ya karibuni yameirekebisha kwa skrini ya kugusa yenyewe. Kenya inataka gari lisizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo LC za mwanzo, za 2017, zimeshatoka kwenye hesabu.

Kabla ya kulipa, pima kimo cha chini ya pua dhidi ya matuta ya mtaani kwako, si ya barabara kuu. DB12 na Amalfi hazina tairi la akiba, zina dawa ya kuziba pancha, na dawa hiyo haitibu tairi lililopasuliwa ubavuni na shimo. Tairi mbili za akiba za saizi yako ziwe tayari gereji kabla gari halijashuka bandarini. Kuhusu mwendo, Dar hadi Arusha vijiji ni 50 na tochi za trafiki zipo, kwa hiyo farasi 680 watapumzika sana, na kiti ndicho kitakachofanya kazi.