Ushauri nasaha kwa njia ya kuchati: uzoefu wangu nikiwa mwanafunzi Mombasa

Kwa muda wa karibu muhula mzima nilitumia huduma ya bure inayowaunganisha vijana na washauri nasaha kwa maandishi. Sitaitaja jina, kwa kuwa nina malalamiko juu yake, na sipendi shirika zima lihukumiwe kwa maneno ya mtumiaji mmoja.

Kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu ni nyumba yenyewe. Kwetu Kisauni ninalala chumba kimoja na wadogo zangu, na kinachosemwa chumbani husikika hadi barazani. Nambari za bure kama vile 116 ya watoto, inayotumika Kenya na Tanzania, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, zina manufaa makubwa, ila zinamtaka mpigaji awe na mahali pa kuzungumzia. Anayeandika huonekana kama kijana mwingine yeyote aliyeinamia simu yake.

Kujisajili hakukuwa na usumbufu: nilichagua jina la kubuni, nikataja umri na kaunti, kisha nikaulizwa kama maisha yangu yako hatarini wakati huo. Mshauri wa kwanza alieleza mapema kwamba mazungumzo yetu ni siri, isipokuwa pale ambapo mimi au mtu mwingine angekuwa katika hatari ya kudhurika. Nilimheshimu kwa kulisema hilo kabla sijamweleza lolote.

Faida ambayo sikuitarajia ni nafasi ya kufikiri. Nilipoulizwa ni lini usingizi ulianza kunipotea, niliandika, nikafuta, nikaandika upya, wala hakuna aliyenikatiza au kunimalizia sentensi, jambo ambalo katika familia kubwa kama yetu ni nadra. Isitoshe, maneno yalibaki. Jioni moja mshauri aliniomba niyapitie tena majibu yangu yote na kuangalia yanaanza na nani, nikagundua kwamba karibu kila mahali nilimtaja baba na karo anayoihangaikia kabla ya kujitaja mimi mwenyewe. Sidhani kama ningeliona hilo katika mazungumzo ya mdomo, kwa sababu mtu hakumbuki mpangilio wa maneno yake.

Kasoro kubwa ni zamu. Ukirudi siku nyingine unampata mshauri mwingine, na mara kadhaa nilisimulia habari zangu tangu mwanzo kwa mtu asiyejua yaliyotangulia, hadi nikachoka na simulizi yangu mwenyewe. Jioni foleni ni ndefu, na bando likikatika katikati unarudishwa nyuma ya foleni. Washauri wengine walituma sentensi za kunakili, zile za kukupongeza kwa ujasiri wako, ambazo msomaji huzitambua mara moja.

Kuhusu taarifa binafsi, huduma hiyo haikueleza vya kutosha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, lakini inatoa nafasi ya kutoidai kwa wale ambao kazi yao ni kutoa ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto pekee. Kijana wa miaka 16 anayeogopa kwamba mama ataombwa saini angefaa kuambiwa hivyo kwenye ukurasa wa kwanza. Vilevile, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025, na bado nawasikia wenzangu chuoni wakisema kwamba kuandika mawazo ya aina hiyo ni kujipeleka polisi. Kwa aliye katika hatari ya papo hapo, hata hivyo, foleni ya kuchati si mahali pa kusubiri. Apige simu au amwite mtu aliye karibu.

Muhula ulipokaribia kwisha niliomba rufaa, nikaelekezwa kwa mshauri wa ana kwa ana chuoni. Kwa kuwa sikutaka kuanza tena na historia yangu, nilimpa simu asome mazungumzo yale, akayasoma yote kwa utulivu kabla ya kuniuliza swali lake la kwanza, ambalo lilimhusu baba.