Uhame programu ya maili au ubaki? Mwongozo kwa msafiri wa kikazi wa Dar

Mara ya mwisho natoka Guangzhou, kwenye mizani alikuwa mbele yangu mama mmoja mwenye duka Kariakoo. Mabegi matatu, tiketi ya daraja la kawaida kama yangu, ndege ileile ya kupitia Addis. Akatoa kadi ya dhahabu pochini, begi la tatu likapita bila senti. Mimi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, napunguza sampuli za vitasa vya milango. Nami nilikuwa na kadi, tena ya ngazi nzuri, ila ya shirika la Ghuba ambalo halina uhusiano na ndege ile. Mama akaiangalia, akanirudishia: “Mwanangu, hii huku ni picha tu.”

Tangu siku hiyo nimehama programu ya maili, yaani ule mpango wa shirika la ndege wa kuhesabu safari zako na kukuzawadia, na wanaoniuliza kama nao wahame wamekuwa wengi kiasi kwamba nimeamua kuandika.

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Ndege unayopanda si lazima iwe ndiyo programu unayokusanyia maili. Mashirika yamejipanga kwenye miungano mitatu mikubwa: Star Alliance, SkyTeam na oneworld. Ukipanda Ethiopian unaweza kuandikisha namba ya Turkish, kwa kuwa wote wako Star Alliance. Kwa hiyo toa kalenda ya miezi 12 ijayo, andika safari ambazo ofisi au biashara itakupeleka kweli, kisha uone zinaangukia muungano upi. Ndege uipendayo kwa chakula chake weka kando.

1. Star Alliance, kupitia ShebaMiles au Miles&Smiles

Kwa mtu wa Dar mwenye safari mchanganyiko, hapa ndipo ningeweka karata zangu. Ethiopian imo tangu 2011 na Addis inafungua karibu Afrika nzima. Turkish inakupeleka Istanbul na Ulaya. EgyptAir na South African Airways nao wamo. Unachokitafuta ni ngazi ya Star Alliance Gold. Ukiwa nayo unaingia kwenye launji (ukumbi wa kupumzikia uwanjani) hata kwa tiketi ya bei rahisi, unapanda ndege mapema, na unapata mzigo wa ziada: kilo 20 pale wanapopima kwa uzito, au begi moja pale wanapohesabu mabegi. Kwa mfanyabiashara, begi hilo lina thamani kuliko launji kumi.

ShebaMiles ni ya Ethiopian wenyewe, na Gold yao ndiyo Star Alliance Gold. Kama tiketi zako nyingi ni za Addis, anzia hapo. Miles&Smiles ya Turkish mimi naipenda zaidi: ngazi yao ya Elite inatosha kukupa Gold ya muungano, inahitaji maili 40,000 za hadhi (zile za kupandia ngazi, si za kukatia tiketi) ndani ya miezi 12, na ukiipata unakaa nayo miaka miwili. Miaka miwili ni neema kwa sisi ambao mwaka huu mradi una hela na mwaka ujao hauna.

Ila fanya hesabu vizuri. Dar hadi Guangzhou kupitia Addis ni maili kama 6,000, kwenda na kurudi 12,000. Safari nne zingekufikisha, endapo tiketi yako inalipa maili kamili. Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Kila tiketi ina herufi ya kundi la bei, na zile za bei ya chini hulipa sehemu tu ya maili, nyingine hazilipi kitu. Kwa tiketi inayolipa nusu, safari nne zinageuka saba. Muulize wakala wako herufi kabla hajakata tiketi, halafu ilinganishe na jedwali kwenye tovuti ya programu yako. Jedwali la Turkish kwa ndege za Ethiopian si lile la Ethiopian wenyewe.

2. Flying Blue

Hii ni ya Air France na KLM, ndani ya SkyTeam. Inamfaa mtu wa Nairobi na Amsterdam: watu wa mashirika ya misaada, washauri, wale wanaoitwa kwenye vikao vya siku mbili Westlands. Kenya Airways siku hizi wana programu yao, Asante Rewards, lakini wamebaki SkyTeam, kwa hiyo safari zao unaweza kuziandikisha Flying Blue.

Ngazi hapa hupandi kwa maili, unapanda kwa alama za XP zinazotegemea umbali na daraja. Dar–Nairobi daraja la kawaida ni XP 5 kwa mguu mmoja, Dar–Amsterdam ni 10, na daraja la biashara ni mara tatu. Silver ni XP 100, hivyo safari kumi za Nairobi, kwenda na kurudi, zinakufikisha kama herufi ya tiketi inakubalika. Tatizo ni kwamba ukifika Silver, XP 100 zinakatwa na kuhesabu kunaanza upya. Gold inataka 180 nyingine. Gold ndiyo inayofungua launji za SkyTeam. Silver, kusema kweli, ni kadi ya kujifurahisha.

3. Privilege Club ya Qatar Airways

Maili zao ni Avios tangu 2022, na hilo ndilo linaloipandisha machoni pangu: Avios unaweza kuzihamishia British Airways, Finnair au Iberia. Karibu programu nyingine zote, ulichokusanya hakitoki humo. Ngazi zinapimwa kwa Qpoints, Silver 150, Gold 300. Gold inakupa Sapphire, ngazi ya muungano wa oneworld, na launji zake. Shida ni kwamba kwa safari za ndani ya Afrika oneworld haitusaidii sana hapa Dar. British Airways wenyewe walishaacha kutua. Kama wewe ni mtu wa Doha na kuendelea mbele, sawa. Kama safari yako ya kawaida ni Lusaka au Kigali, ngazi utaisikia kwa wenzako.

4. Emirates Skywards

Huduma nzuri, watu wanaipenda, nami nilikuwa humo. Silver ni maili 25,000 za ngazi, Gold 50,000. Maili zinadumu miaka mitatu hivi, na safari za flydubai nazo zinahesabika. Lakini Emirates hawako kwenye muungano wowote. Usihame kwenda huko labda uwe wa Dubai kila mwezi. Kama uko huko tayari na ngazi imeiva, baki mpaka iishe muda, huku ukianza kujenga kwingine.

Air Tanzania, Precision na RwandAir? Jiandikishe ukipanda, ni bure, usizifukuzie. Hakuna hata moja iliyo kwenye muungano mkubwa.

Sasa ya kuhama kwenyewe. Kwanza tumia maili zako za zamani. Mimi niliziacha zangu kwenye programu moja nikisema nitamkatia mama tiketi. Siku niliyofungua akaunti zilikuwa zimekufa miezi miwili nyuma. Na tiketi ya maili si bure: kodi na ada unalipa taslimu, wakati mwingine nyingi mpaka unajiuliza kwa nini hukununua tiketi ya kawaida.

Pili, kama una ngazi sasa, ulizia programu mpya kama wanalinganisha hadhi. Unawatumia picha ya kadi na taarifa ya safari zako, nao wakikubali wanakupa ngazi ya muda huku wakikupa sharti la safari za kufanya. Kwa kawaida unapewa mara moja tu, kwa hiyo omba wiki chache kabla ya msimu wako wa safari. Kuna rafiki yangu aliomba Desemba, safari yake ya kwanza ilikuwa Mei. Kadi ilikuja, ikakaa kabatini, ikafa.

Tatu, kama tiketi inalipwa na kampuni, mwambie mhasibu kuna programu za kampuni pia, kama Business Rewards ya Emirates. Kampuni inapata alama zake na wewe unapata zako.

Na la mwisho ni majina. Pasipoti zetu zina majina matatu, wakala wa tiketi pale Posta anaandika mawili, akaunti uliifungua kwa jina la utani la shuleni. Maili haziingii, na barua pepe za kudai zinakula wiki. Akaunti yangu mpya nimeiandika kama pasipoti ilivyo, na wakala namtumia picha ya pasipoti kabla hajagusa kompyuta. Kipande cha pasi ya kupandia ndege nakiweka kwenye bahasha mpaka nione maili zimeingia.