Sabinyo: mchukue mpagazi, na uzijue ngazi kabla hujafika

Tangu nirudi kutoka Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, nilikopanda mlima Sabinyo, wateja wangu wananiuliza swali moja: ule mlima unastahili pesa yake? Nawajibu hapa wote kwa pamoja. Unastahili. Ila kuna mambo ambayo mimi sikuambiwa, na wewe ukiyajua mapema utapanda kwa amani kuliko nilivyopanda mimi.

Nijitambulishe kwanza, ili upime maneno yangu. Nina miaka 43, ni mshonaji, kutwa niko kwenye cherehani Kampala. Baba yangu alikuwa askari na nimekulia kambini Jinja, ndiyo maana Kiswahili kwetu ni lugha ya nyumbani. Sikuwahi kupanda mlima wowote. Mazoezi yangu yalikuwa kupanda ngazi za jengo la ghorofa tano kila jioni, kwa miezi miwili. Nashukuru niliyafanya.

Sabinyo iko Mgahinga, hifadhi ndogo kuliko zote nilizotembelea, kilomita za mraba 34 hivi tu, kwenye kona ambapo Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Ndani yake kuna milima mitatu: Muhavura, mrefu wa mita 4,127, Gahinga, halafu Sabinyo yenye mita 3,600 na ushee. Wengi hudhani mrefu ndio mgumu. Waongozaji wa pale wote niliowauliza walinionyesha Sabinyo. Ndiyo mzee kuliko wenzake, umeliwa na mvua mpaka umebaki vilele vilivyochongoka, na jina lake lina maana ya meno ya mzee. Ukisimama Kisoro mjini asubuhi, unayaona hayo meno waziwazi.

Sasa lalamiko langu, nilitue mapema. Nililipia usafiri wa kutoka Kisoro hadi geti la Ntebeko, pamoja na kukodi koti la mvua, kwa ofisi moja ya safari hapa Kampala. Kijana wa ofisini aliniambia, "Ni matembezi ya kawaida mama, hata watoto wanapanda." Hakuna aliyetamka neno ngazi. Gari lililokuwa lije saa kumi na mbili asubuhi halikuja. Saa moja kasorobo nikapanda bodaboda, kilomita kama 14 za barabara ya mawe, huku nimekumbatia begi. Na lile koti nilipolikunjua getini, macho yangu ya kazi yakaona mara moja: kwa ndani, ule utepe unaoziba matundu ya sindano ulikuwa umebanduka bega zima la kulia. Koti la mvua bila ule utepe ni chujio. Basi, kagua kitu unachokodi ukiwa bado mjini. Kigeuze ndani nje, pitisha kidole kwenye kila mshono, na kama utepe unainuka, kirudishe.

Getini mambo yalikuwa tofauti kabisa. Walituandikisha haraka, wakatupa maelezo ya siku nzima, wakatugawia fimbo. Sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kiingilio cha chini sana kuliko wageni wa mbali, kwa hiyo usisahau kitambulisho. Mwongozaji alitoa maelezo kwa Kiingereza, lakini nilipomwamkia askari aliyebeba bunduki, "Habari ya asubuhi, afande," akageuka na uso wote.

"Nzuri mama. Kiswahili hicho umekitoa wapi?"

"Kambini Jinja, kwa baba."

"Basi wewe ni mtoto wa kwetu."

Tangu hapo hadi jioni hatukubadilisha lugha. Bunduki ni kwa ajili ya nyati na tembo, kufyatua hewani tu kuwatisha. Hatukukutana nao, ingawa kinyesi cha nyati tulikiruka mara tatu, kimoja bado kinafuka mvuke.

Nifike kwa mpagazi. Nilikuwa sitaki. Begi langu lilikuwa na maji lita tatu, chapati nne, mayai ya kuchemsha, karanga na sweta, nikajiambia hiyo si mizigo. Afande akasema kwa upole, "Mama, mchukue huyu kijana. Utanishukuru kwenye kilele cha pili." Nilimlipa shilingi 70,000 pamoja na bakshishi, na katika pesa zote za safari ile, hakuna iliyofanya kazi kubwa kama hiyo. Kijana huyo ni Mfumbira, kabila la huko Kisoro, anatoka kijiji cha chini ya hifadhi, na Kiswahili chake alikiokota soko la Bunagana akiuza viazi kwa Wakongo. Watu wa huko wanaishi na mlima huu mlangoni. Mashamba yao ya viazi na maharage yanafika hadi kwenye ukuta wa mawe meusi ya volkano, mawe yamepangwa bila saruji, kuzuia nyati wasiingie kwenye mazao. Unavuka ukuta, na uko msituni.

Saa mbili za mwanzo ni tamu. Vidaraja vya mbao juu ya tope, ndege wengi, kisha mianzi. Mle kwenye mianzi kuna kima wa dhahabu, mgongo kama umemwagiwa mafuta ya mawese. Nilimwona mmoja anavunja chipukizi la mwanzi na kulimenya kama mtoto anavyomenya muwa, akatutazama, akaendelea kula. Baada ya mianzi miti inavaa nyuzi za kijivu zinazoning'inia kila tawi, na hewa inakuwa ya baridi kweli.

Halafu ngazi. Ya kwanza nilidhani imeachwa na mafundi. Ni miti minene miwili imesimamishwa, na vijiti vya kukanyagia vimepigiliwa misumari, vingine vipya, vingine vina ukoga wa kijani unaoteleza kama sabuni. Zipo nyingi, moja baada ya nyingine, na kati ya kilele cha pili na cha tatu zinakaribia kusimama wima. Unapanda kwenye mgongo wa mlima, upande mmoja ni Rwanda, upande mwingine Uganda, na kote kuwili chini huoni kitu ila ukungu. Mpagazi wangu alikuwa anatangulia, anagonga kila kijiti kwa kisigino kabla sijakifikia. Kijiti kizima kinalia kavu, tk. Kibovu kinalia kizito. Kibovu akikipata alikuwa anasema "huyu hapana," nami nakiruka. Mahali pamoja mguu wangu wa kulia ulikataa kuinuka, nikabaki nimeukumbatia mti. Akashuka vijiti viwili, akanishika kisigino, akakiweka mahali pake, akasema, "Sasa mkono. Usitazame chini, nitazame mimi." Nikamtazama. Nikapanda.

Mwenye hofu kubwa ya kimo, nakwambia kwa moyo safi, ishia kilele cha kwanza. Hata pale utaona mengi, na mwongozaji hatakulaumu. Afadhali nenda Gahinga, hauna ngazi za namna hii.

Kilele cha tatu tulifika saa saba mchana. Hakuna mstari wala ukuta, ni nyasi, mawe, na ile mimea mikubwa ya lobelia iliyosimama kama watu. Afande akanyoosha mkono: huku Uganda, huku Rwanda, huku Kongo. Simu yangu ikalia, mtandao unanikaribisha Rwanda. Ukungu ulifunguka kama dakika kumi. Mashariki tukaona Gahinga, na nyuma yake Muhavura imechongoka vizuri kama pembe. Upande wa pili Karisimbi, mita 4,507, mkubwa wa milima yote ya Virunga. Nilikaa chini nikagawa chapati. Watu watano, nchi tatu, mayai sita. Sitaisahau ile chakula.

Kushuka ni kazi nyingine, na mvua ilitukuta kwenye ngazi. Unashuka kinyumenyume, uso kwenye vijiti. Lile koti lilifanya nilichotabiri, bega la kulia likalowa katika dakika tano, mkono ukaanza kufa ganzi. Yule kijana alivua karatasi yake ya nailoni aliyojifunga shingoni, akanivika bila kuniuliza, akashuka na fulana yake tu, mvua yote ya mlima ikimnyeshea. Nilikataa. Hakunisikiliza.

Tulirudi getini saa kumi na moja jioni. Wanasema ni kilomita 14 na saa nane. Mimi nilitumia tisa, na hakuna aliyenikimbiza hata mara moja. Nenda Juni hadi Agosti au Desemba hadi Februari, na hata hizo mvua inaweza kukukuta, kwa hiyo vaa buti zilizoshika kifundo cha mguu, glovu za bustani kwa ajili ya vijiti na majani ya kuwasha, na suruali usiyoihurumia.

Kesho yake nilipanga kutembea na Wabatwa kwenye njia yao, wanaoonyesha dawa, asali na pango la Garama. Msitu huu ulikuwa nyumba yao mpaka walipoondolewa ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Magoti yalikataa. Nimeshaweka akiba ya kurudi kwa ajili hiyo, kwa sababu naona si haki kupita kwenye nyumba ya mtu bila kumsikiliza mwenyewe.

Niliporudi Kampala nilinunua turubai jepesi la kijani, nikamshonea koti yule mpagazi. Uzi wa nailoni, mishono miwili miwili, utepe kila mahali sindano ilipopita, na kofia inayofungwa kwa kamba. Vipimo nilikisia kwa kumkumbuka alivyosimama juu yangu kwenye ngazi. Nikalituma kwa basi la usiku la Kisoro. Juzi kanipigia. Limefika, mvua imelijaribu, halikupitisha tone. Mikono ni mirefu kidogo, anasema ataikunja.