Maua ya kupanda nyumbani Malindi: yapi ununue kwanza, na uyaache umbali gani

Nyumba ikikarabatiwa, bustani ndiyo hufikiriwa mwisho, wakati pesa zimeshakwenda kwenye bati, vigae na rangi. Mwenye nyumba anakwenda kitaluni mara moja, anachukua miche thelathini iliyochanua, anaipanga futi mojamoja kando ya ukuta, na wiki ya kwanza kila mgeni anasifu. Kaskazi ya pili ikifika, nusu imekauka na iliyobaki inanyang'anyana maji. Ushauri wangu kwa anayeanza sasa: nunua miche michache, ichague kwa upana itakaoufikia ikikomaa, na uipe nafasi hiyo tangu siku unayochimba shimo.

Nimeipanga mimea hii kwa kipimo kimoja tu: upi utavuka Januari hadi Machi, jua likiwaka na mvua hakuna, bila mtu kusimama na mpira wa maji kila jioni. Uzuri wa maua nimeuweka nyuma ya hapo. Na ninazungumzia ardhi yetu ya mchanga juu ya mwamba wa matumbawe, penye upepo wa chumvi, si udongo mwekundu wa bara.

Kabla hujatoa shilingi, mwache fundi amalize plasta na rangi, kisha kifusi kiondolewe chote. Hili watu hulidharau. Mwamba wa matumbawe wenyewe ni chokaa. Ukiongezea mabaki ya saruji chini ya ukuta, mizizi inashindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo ardhini. Utaona majani machanga yamegeuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Wengi hudhani ni kiu, wakazidisha maji, na mmea ukazidi kudhoofu. Chimbua kando ya ukuta kiasi cha nusu mita kwenda chini, toa vipande vya plasta, rudisha mchanga safi uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri.

Sasa mimea yenyewe.

Namba moja naupa mhina. Najua wengine watashangaa, kwa sababu kitaluni hauna mvuto wowote: vijiti vyembamba, majani madogo. Lakini kwa ua wa kuzunguka nyumba sijaona unaoushinda. Unavumilia joto, ukame na ardhi mbovu, unashika kutoka kwenye kipande cha tawi, kwa hiyo jirani mwenye ua wa mhina anaweza kukupa miche yote bila malipo. Kiangazi kikikaza sana hupukutisha baadhi ya majani, na mvua ikirudi huchipua. Ukikata mara mbili kwa mwaka unakaa kwenye mita moja na nusu. Ukiuacha unapanda kuwa mti mdogo. Majani uliyoyakata yaanike kivulini, yatwangwe, na harusi ya kwanza ya nyumba ina hina yake. Acha sentimita 60 kati ya mche na mche, na sentimita 75 kutoka ukutani ili mtu aweze kupita nyuma na mkasi. Ukuta wa mita 12 unahitaji miche 20, basi.

Ya pili ni bogenvilia, na ingekuwa ya kwanza kama si miiba na kasi yake. Chumvi na ukame inavistahimili, na tena ukiinywesha sana inatoa majani matupu. Maua huja vizuri inapobanwa maji kidogo. Hapa ndipo kosa la nafasi huumiza zaidi. Muuzaji atakwambia nusu mita, yaani miche 24 kwa ule ukuta wa mita 12. Weka mita mbili: wa kwanza mita moja kutoka pembeni, kisha kila mita mbili, na miche sita inatosha. Mwaka wa kwanza utaona mapengo. Yaache, au panda kunde humo. Kutoka ukutani acha mita moja, na usiipande karibu na njia ya kupitia watoto wala chini ya waya wa umeme. Nunua iliyokwisha toa ua hata moja, maana rangi unayoambiwa na unayoipata mara nyingi hazifanani. Wakati wa kupanda, chana mfuko wa nailoni kwa wembe ukiwa tayari ndani ya shimo, uutoe polepole. Mizizi ya bogenvilia ni myepesi kukatika, na bonge la udongo likivunjika mche unakaa wiki nyingi bila kusogea.

Ya tatu, adeniamu, ile ya shina lililovimba chini na maua ya waridi. Ni ya kwetu. Huota yenyewe katika nyika ya Pwani. Maji inahifadhi shinani. Ubaya wake ni mmoja: maji yakituama, inaoza. Ipande juu ya tuta dogo la mchanga na vipande vya mawe, mita moja kutoka nyenzake. Kitaluni bonyeza shina kwa kidole gumba. Likiwa gumu, chukua. Likibonyea, liache, huenda limeshaanza kuoza ndani hata kama majani yanang'aa. Uliza pia kama ilioteshwa kwa mbegu au kwa kijiti, kwani ya mbegu ndiyo huvimba shina vizuri. Mtu akikuletea kubwa iliyong'olewa porini, ikataeni nyote, tutaimaliza nyika. Utomvu wake ni sumu, basi nawa mikono baada ya kuikata.

Mtandamboo nauweka wa nne, kwa anayetaka ua ambao mbuzi na mwizi wote watauheshimu. Miiba mikali, maua meupe yenye harufu, matunda ya zambarau inayokaribia weusi, ya kuliwa. Mita moja kwa mche. Tatizo ni kwamba unafanana mno na msunguti, ule ambao wawindaji wa Pwani walichemshia sumu ya mishale: maua meupe vilevile, tunda la zambarau vilevile. Msunguti hauna miiba. Mche usio na miiba usiununue kwa jina la mtandamboo, na usimruhusu mtoto kuchuma tunda mpaka mtu mzima anayeujua mti athibitishe.

Hibiskasi na asumini zinafuata, na ninazitaja pamoja kwa sababu zote mbili zinataka maji, kwa hiyo si za ukutani mbali. Ni za karibu na nyumba. Hibiskasi ipande pale maji ya kuogea yanapotokea, mita moja na nusu kati ya moja na nyingine. Asumini iwe karibu na baraza, miche miwili tu, maana harufu ya jioni inatosha nyumba nzima na wa kutunga kikuba hawatakwenda kuomba kwa jirani. Kabla ya kuzinunua, onja maji ya kisima chako. Yakiwa na chumvi ya kuhisika ulimini, kingo za majani zitaungua kahawia, na pesa hiyo ni afadhali uiongeze kwenye mhina.

Oleanda hustawi vizuri mno hapa, na ndiyo sababu vitalu huipenda. Mimi siipendekezi kwa nyumba yenye watoto au mahali mbuzi hupita. Sehemu zake zote ni sumu inayopiga moyo, na hata moshi wa matawi yake yakichomwa hudhuru. Mnyaa nao utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Lantana inasambaa na kuvamia mashamba ya wenzako, na mifugo ikiila inaugua. Iksora ni nzuri, lakini kwenye ardhi yenye chokaa itakuwa ya manjano kila mwaka.

Ukifika kitaluni, geuza majani uangalie upande wa chini: utando mweupe kama pamba kwenye vikonyo ni wadudu, na utawapeleka bustani nzima. Inua mche utazame chini ya mfuko. Mizizi minene iliyotoboa na kuzunguka maana yake umekaa humo muda mrefu kupita kiasi. Mche mfupi wenye matawi matatu manne kutoka chini ni bora kuliko mrefu mwembamba, hata kama bei ni moja.

Mashimo yachimbwe mwezi Machi, yaache wazi mpaka masika yaanze. Kwenye mwamba andaa mtaimbo, na lengo ni sentimita 60 kila upande. Chini tandika makumbi ya nazi, yatashika maji. Yasiwe yaliyolowekwa baharini, kwani yanabeba chumvi. Kusi huvuma wakati huohuo wa mvua, na nyumba zinazotazama bahari hupata chumvi yote, kwa hiyo simamisha kuti moja upande wa upepo wa kila mche kwa miezi michache. Mvua ikikatika, ndoo nzima ya lita 20 kwa mche mara mbili kwa wiki, taratibu, alfajiri. Mhina na bogenvilia zilizopandwa Aprili kwa namna hii huweza kuachishwa maji ya ndoo masika yanayofuata.