Ramani ya ukutani ya mbio za Tabora 1916: uzoefu wangu baada ya muhula mmoja

Kwa anayefundisha Vita Kuu ya Kwanza hapa Uganda, ramani hii inunuliwe, ila isitundikwe kabla ya kusahihishwa. Inaonyesha jinsi Wabelgiji na Waingereza, kila mmoja kwa njia yake, walivyokimbilia Tabora, mji wa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Ni karatasi ya A1, skeli 1:1,000,000, maandishi ya Kiswahili, kuanzia Kampala hadi kusini kidogo ya Tabora. Nililipa shilingi 40,000 bila fremu.

Uzuri wake mkubwa ni rangi. Ramani nyingi za vita hivi hupaka mishale ya washirika wote rangi moja, na mwanafunzi hutoka darasani akidhani Waingereza na Wabelgiji walikuwa jeshi moja. Hapa Wabelgiji ni kijani, Waingereza ni wekundu, na kila kituo kina tarehe yake. Chukua uzi na rula. Toka Mwanza hadi Tabora utapata sentimita 28, yaani kilomita 280 za mstari ulionyooka. Toka Kigali hadi Tabora ni sentimita 46. Sasa soma tarehe: kikosi cha Molitor, chini ya Jenerali Tombeur, kiliingia Kigali Mei 6, 1916; Waingereza wa Jenerali Crewe waliingia Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, Julai 14; Wabelgiji wengine, wa kamanda Olsen, walishika Kigoma Julai 28 wakaifuata reli kuelekea mashariki. Tabora ikaingia mikononi mwa Wabelgiji Septemba 19. Crewe aliifikia reli siku kadhaa baadaye, mashariki ya mji, ilhali ndiye aliyekuwa na safari fupi.

Hapo ndipo somo linapoanza, kwa sababu wanafunzi watauliza mbona. Jibu lote limo katika mizigo. Mpagazi hubeba kilo 25 hivi na hula karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Akibeba chakula peke yake, mzigo wote ni wa kumlisha yeye mwenyewe siku 25; akihesabiwa na safari ya kurudi, hauzidi siku 12 za kwenda. Ukitaka askari naye ale, lazima uwe na wapagazi wengi mno au uwe na reli, meli au mkokoteni. Olsen alikuwa kwenye njia ya reli. Crewe aliliacha ziwa mgongoni, na kila hatua kusini ya Mwanza ilimtoa mbali na meli zake.

Kosa la kwanza, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni mshale wa kijani kuelekea Kigali. Umechorwa ukitoka Ziwa Kivu tu. Molitor alipitia Kamwezi, Kigezi, ardhi ya Uganda, ili kuikwepa ngome ya Wajerumani kwenye mto Sebea. Waingereza ndio waliomfungulia njia: katika mapatano ya Lutobo, Februari 1916, Tombeur aliahidiwa wapagazi 5,000 kutoka Uganda. Bila mabega hayo Kigali isingechukuliwa Mei. Kumwondoa mpagazi wa Uganda kwenye ramani inayouzwa Uganda ni jambo la kusikitisha. (Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps.) Chora mshale mwembamba wa kijani kutoka Kamwezi, upitishe karibu na Ziwa Muhazi, uishie Kigali.

Tabora nayo imepakwa wekundu, kana kwamba ilikuwa ya Waingereza tangu siku ya kwanza. Wabelgiji waliishika hadi mapema 1917. Hawakuitaka Tabora kwa ajili ya Tabora. Brussels ilitaka rehani ya kupeleka kwenye meza ya amani: Ubelgiji iwaachie Waingereza ardhi iliyoiteka Afrika Mashariki, Ureno ipewe fidia, na Ubelgiji ipate ukingo wa kusini wa mlango wa mto Kongo, uliokuwa wa Ureno. Ureno ilikataa. Weka duara la kijani juu ya duara jekundu, uandike tarehe zote mbili.

Mpaka wa mapatano ya Orts wa Ubelgiji na Milner wa Uingereza ya kugawana ardhi hiyo, Mei 30, 1919, umechorwa vizuri kwa nukta. Kinachokosekana ni mwisho wake. Waingereza walijikatia Gisaka, mashariki ya Rwanda, kwa ajili ya reli waliyoiota kutoka Rasi (Cape Town) hadi Kairo. Mfalme Musinga wa Rwanda alipinga, na wamisionari pia, hadi eneo likarudishwa mwishoni mwa 1923. Asiyejua hili atadhani mstari wa nukta ndio mpaka wa leo. Mpaka wa leo unafuata mto Kagera. Paka Gisaka kwa penseli, iwe rahisi kufuta na kuonyesha tena.

Ufunguo wa ramani ni mfupi mno. Kigoma ina alama ya nanga na mwaka 1921, basi. Mwalimu aeleze mwenyewe kwamba Wabelgiji walipewa eneo la bandari pale na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila ushuru.

Karatasi ni nyepesi. Kwenye unyevu wa Kabale hujikunja pembeni ndani ya wiki mbili, na gundi ya maji huiharibu kabisa. Sahihisha kwanza kwa kalamu ya wino usiofutika, acha ikauke siku nzima, kisha ipeleke Nasser Road, Kampala, ikalaminishwe. Ukigeuza mpangilio huo wino utakaa juu ya plastiki na unaweza kufutika. Gisaka ndiyo ibaki ya mwisho, kwa penseli ya nta, juu ya plastiki. Ukiisafirisha kwa boda, iviringishe ndani ya bomba la plastiki la inchi 3, maandishi yakitazama nje. Ikiviringishwa kinyume chake, ncha zake hukataa kulala ukutani.